Maswali Yenu ya Picha: Kivuli Usikifukuze

Wasomaji wangu, safari hii barua nyingi zimeuliza kitu kimoja kwa njia tofauti: picha ya uso, nyeusi na nyeupe, ile nzito yenye giza. Nimechagua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu sababu ukishaishika hio, zingine zinakuwa nyepesi.

SWALI: Habari yako mwalimu. Niko Manyatta hapa Kisumu. Nyanya yangu anakaribia miaka 90 na hatuna picha yake nzuri hata moja, iko tu ile ya kitambulisho. Nina kamera ya mtumba na lenzi ya 50 mm, na rafiki amenikopesha ile taa ya duara. Nimejaribu mara tatu kumpiga picha nyeusi na nyeupe, uso utokee kwa giza kama umechongwa, lakini kila mara anatoka kijivu, mikunjo yote imepotea, na nyuma unaona ukuta na kalenda na waya za stima. Niongeze taa ya pili ama kamera ndio mbaya? Mjukuu, Manyatta.

JIBU: Mjukuu, kamera yako haina shida, na taa ya pili usitafute. Hata hio moja ya duara irudishie mwenyewe. Ile taa kazi yake ni kufuta vivuli, lenzi inachungulia katikati yake kwa hivo mwanga unatoka pale pale kamera iko, unaingia kila shimo la uso na kulijaza. Kwa mtu anatangaza lipstiki hio ni sawa kabisa. Lakini mkunjo wa nyanya ni nini kama si bonde dogo lenye kivuli ndani? Ukijaza mabonde yote mwanga unabaki na uwanja wa mpira. Kwa picha ya rangi ungeponea kiasi, sababu rangi ya leso na rangi ya ngozi zingekusaidia kutenganisha vitu, lakini ukitoa rangi kinachobaki ni mwanga na giza peke yake, na giza kama umeshalifukuza basi umebaki na kijivu.

Sasa fanya hivi. Mpige kwa nyumba yake. Chumba kimoja cha mabati, mlango mmoja, ndani giza, watu wengi wakiona hivo wanambeba mzee wanampeleka nje kwa ua ati huko ndio kuna mwanga, na mimi nasema hapo ndani ndio mahali penyewe. Chumba cha giza chenye mlango mmoja wa mwanga ni studio tayari. Seydou Keïta kule Bamako, nchini Mali, alifungua studio yake 1948, na nyingi ya zile picha zake ambazo leo zinatundikwa kwa makumbusho makubwa ya dunia alizipiga uani kwa mwanga wa mchana, kitambaa kimetundikwa nyuma. Mwanga wa bure, kitambaa cha nyumbani, na jicho la kujua mtu akae vipi.

Saa nayo uiangalie. Ikweta inapita pale Maseno kwa barabara ya Busia, sio mbali na kwenu, kwa hivo jua letu la mchana linasimama karibu kabisa juu ya utosi, na hapa upande wetu linafika juu kwenye saa saba kasorobo hivi. Mtu akiwa nje wakati huo macho yanakuwa mashimo mawili meusi na pua inaangusha kivuli juu ya mdomo. Jioni nalo linashuka wima, ukishaona limegusa miti huna muda. Kwa hivo usitegemee jua lenyewe, tegemea anga. Mlango wake ukiangalia mashariki, piga alasiri. Ukiangalia magharibi, piga asubuhi. Yaani jua lisiingie ndani, uingie tu ule mwanga mpana wa anga, huo ndio laini na ndio unazunguka shavu bila kulikata kama kisu.

Mkalishe kwa kiti chake mwenyewe, hicho amezoea, kama hatua moja na nusu ndani ya mlango lakini kando, mlango ubaki upande wake. Halafu kuna kitu wengi hawafanyi na ndicho kinaokoa picha: chukua blanketi utundike kwa mlango lifunike nusu ya chini. Mlango unafika hadi sakafuni, kwa hivo mwanga wake mwingine unatokea chini, unapanda kwa kidevu na kuingia puani, na hapo uso unaharibika na hujui ni kwa nini. Ukifunika chini unabaki na kama dirisha lililo juu kidogo ya macho yake na mwanga unamshukia. Upande ule mwingine, kama kuna ukuta mweupe ama mabati mapya yanayong'aa, tundika koti jeusi ama leso ya giza, sababu ukuta mweupe unarudisha mwanga na kukulia kivuli chako chote.

Sasa mwambie ageuze uso kuelekea mlango, polepole, polepole kabisa, na wewe achana na kamera kwanza uangalie shavu lake la mbali, lile lililo upande wa giza. Mwanzo lote jeusi. Akiendelea kugeuka, kuna mahali mwanga unaruka pua na kutua chini ya jicho, kipande kidogo cha pembetatu. Mwambie hapo hapo nyanya, usisonge. Hio pembetatu isipite upana wa jicho na isishuke chini ya pua. Wapiga picha wanaiita kwa jina la Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi aliyefariki 1669, sababu kwa michoro yake ya watu ndio ilijulikana. Mimi nimeiona mara nyingi sana na bado kila ikitokea napunguza hata kupumua, uso unakuwa upande mmoja umekuja kwako na upande mwingine mwenyewe amejiwekea.

Angalia macho. Lazima kuwe na nukta ya mwanga ndani ya jicho, angalau lile la upande wa mlango. Wazee macho yamezama kidogo na kope zimeshuka, kwa hivo hio nukta inakosa kirahisi na mtu anatoka kama amelala macho wazi. Akainue kidevu kidogo tu. Ikikataa, mlazie karatasi ya manila nyeupe mapajani, kamera isiione, itarusha mwanga kiasi cha kuamsha jicho na haitaua kivuli.

Kuhusu hicho kijivu sasa. Kamera ikiachwa ijipimie yenyewe inataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati, asilimia 18 ndio hesabu iliyozoeleka. Ukiielekeza kwa chumba cha giza, na mtu mweusi, na nguo nyeusi, inaona giza tupu na inaongeza mwanga mpaka hilo giza liwe kijivu, na ngozi inapauka. Wewe ndio unaona ukweli, kamera haiuoni. Ishushe stopu moja, yaani mwanga ubaki nusu, ama moja na nusu. Anza na f/4 (hilo ni tundu la lenzi), shata 1/125 (sehemu ya sekunde ambayo kamera inafunguka), ISO 800 (wepesi wa kamera kushika mwanga), uangalie lile eneo linalong'aa zaidi kwa shavu, hapo ndipo pa kupima, na giza uliache lijipange lenyewe. ISO hata 1600 usiogope, zile chengachenga kwa picha ya rangi ni uchafu lakini kwa nyeusi na nyeupe zinakaa vizuri, kama filamu. Ukitumia simu, bonyeza kwa shavu na ushikilie mpaka ijifunge, halafu telezesha kidole chini mpaka giza liwe giza.

Hii nilijifunza kwa mama mmoja anayeuza samaki kule Dunga. Ilikuwa asubuhi, amemaliza kuparua ngege, amekaa mlangoni mwa banda anapumzika, na magamba yamemshika mikononi mpaka kwa viwiko. Picha ya kwanza niliiacha kamera ijiamulie, mkono ukatoka kijivu na magamba kijivu, vyote kitu kimoja. Nikashusha stopu moja na nusu. Mkono ukawa mweusi wa kweli, mzito, na kila gamba likawaka peke yake, ungeyahesabu, na kwa paji la uso jasho likachora mstari mmoja mweupe kutoka kwa nywele hadi kwa nyusi. Nilikaa na ile picha wiki nzima. Ngozi yetu haitokei kwa kumwagiwa mwanga, inatokea kwa kung'aa, mahali mwanga unaigusa ukateleza. Kwa hivo nyanya asipakwe poda, poda inaua huo mng'ao wote. Mpake mafuta yake ya kila siku, kidogo tu, kwa mfupa wa shavu na paji la uso.

Kalenda toa, waya ukiweza ziache nyuma ya kichwa chake zifichike, na kiti kiwe mbali na ukuta kadri chumba kinaruhusu. Wewe kaa kwa kigoda, lenzi iwe usawa wa macho yake, ukimpiga ukiwa umesimama unamfanya mdogo na huyo ni nyanya. Kaa kama mita moja na nusu ama mbili, simu usiisogeze karibu, tumia ile zumu ya mara mbili (2x), sababu lenzi pana ikisogea karibu inavuta pua mbele na kurudisha masikio nyuma. Kaa upande wa uso ulio na kivuli, sio ule wa mlango, ndio kamera ikutane na giza kwanza halafu mwanga. Macho yaweke juu, kwenye theluthi ya juu ya fremu. Na ukiacha nusu nzima ya picha ikawa nyeusi tupu usikimbilie kuikata, hio nyeusi ndio inabeba uso.

Mikono pia. Usiikate kwa kifundo, ama iingie yote ama isiingie kabisa. Kama anashika fimbo, aishike.

La mwisho ni uso wenyewe. Mpiga picha Yousuf Karsh alimpiga Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, kule Ottawa, Kanada, tarehe 30 Desemba 1941, na kabla tu ya kubonyeza alimchomoa sigara kubwa mdomoni, mzee akakunja uso, na huo uso uliokunjwa ndio dunia nzima inaujua. Taa zilikuwa zimeshapangwa, kilichobaki kilikuwa ni mtu. Nyanya hatumchomoi kitu mdomoni, heshima hairuhusu, lakini muulize jambo ambalo atalikumbuka kabla ya kulijibu, mfano siku ya kwanza alifika hio boma kama bibi arusi. Usipige akicheka wala akiongea. Piga pale amenyamaza anatafuta.

SWALI: Sasa kaka, mimi nina studio ndogo ya picha za paspoti hapa Nakuru mjini, chumba ni mita tatu kwa nne. Vijana wanakuja wanataka ile picha ya nyuma nyeusi kabisa. Nimenunua kitambaa cheusi na bado kinatoka kijivu, mikunjo yote inaonekana. Nina taa moja ya LED yenye softiboksi, lile sanduku la kitambaa la kulainisha mwanga. Halafu wateja wengine wakiona picha wananiambia niwafanye weupe kidogo. Nafanyaje? Dada wa Studio, Nakuru.

JIBU: Dadangu, hapo kwa kitambaa pesa imekutoka bure kidogo, rangi yake sio tatizo. Tatizo ni umbali. Mwanga ukisafiri unachoka haraka kuliko vile tunafikiria: ukiongeza umbali mara mbili unabaki na robo, ukiongeza mara nne unabaki na sehemu moja ya kumi na sita. Saa hii najua mteja yuko mita mbili kutoka taa na kitambaa kiko nusu mita nyuma yake, kwa hivo mwanga unawafikia wote wawili karibu sawa. Sogeza taa mpaka iwe nusu mita kutoka kwa uso, karibu sana, nje kidogo tu ya fremu, na kitambaa kiwe mita mbili kutoka kwa taa. Hapo kitambaa kinapata moja ya kumi na sita ya kile uso unapata, hizo ni stopu nne, na hata ukuta wako wenyewe ungeanza kuingia giza. Chumba cha mita nne kinatosha kabisa, kipige kwa urefu. Halafu taa iangalie mteja kutoka upande, isiangalie ukuta, na ukate kadibodi uiegemeze kwa ubavu wa softiboksi ule ulio upande wa kitambaa. Kitambaa nacho kama ni kile cha kuteleza kinang'aa, kibadilishe na velveti, velveti inameza mwanga.

Na kitu kingine cha taa za LED za bei nafuu. Stima yetu ni ya hezi 50, kwa hivo taa nyingi kama hizo zinapepesa mara 100 kwa sekunde, macho hayaoni lakini kamera inaona, unapata mistari ama picha moja ina mwanga na inayofuata ni giza. Weka shata 1/50 ama 1/100, utatulia.

Hilo la kufanywa weupe nataka tuliongee vizuri, sababu linaniuma. Kwa miaka mingi maabara za filamu za rangi zilipima mitambo yao kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ngozi yake ikitoka vizuri basi kazi imeisha, na sisi tukatoka vile tulitoka, meno na macho tu. Watu wetu walizoea kujiona vibaya kwa picha. Sasa msichana akikuambia mfanye mweupe, mara nyingi sana anachosema ni kwamba hajioni, upande mmoja wa uso wake umekuwa doa bila pua bila shavu. Hio ni haki yake kulalamika. Jibu lake sio kumpausha kwa kompyuta. Mwekee manila nyeupe upande wa kivuli, umbali wa mkono, uone lile doa likifunguka na shavu likitokea, ukitaka kivuli zaidi rudisha manila nyuma. Mpake mafuta kidogo. Taa iwe kubwa na karibu, sababu taa kubwa inaweka mng'ao mpana kwa ngozi na taa ndogo inaweka vidoti vikali. Halafu mwonyeshe tena kwa skrini. Nimefanya hivi na watu wengi na ni wachache sana waliorudia lile ombi. Na akirudia, mimi simfanyii, namwambia kwa upole, na wewe pia una ruhusa ya kukataa kwa studio yako.

SWALI: Mwalimu, niko Busia. Mamangu ana kitenge chekundu chenye maua ya kijani, ukimwona nacho utapenda. Nimempiga akiwa amekivaa, kwa rangi ni picha safi, lakini nikigeuza nyeusi na nyeupe maua yote yanapotea, kitenge chote kinakuwa kama blanketi ya shule. Pia nataka kujua, nipige moja kwa moja nyeusi na nyeupe ama nipige kwa rangi nigeuze baadaye?

JIBU: Hilo la pili kwanza: piga kwa rangi ugeuze baadaye, daima. Kama kamera yako inaweza kuhifadhi faili ya RAW (ile ghafi, kabla kamera haijaichakata), weka skrini ionyeshe nyeusi na nyeupe ndio jicho lako lizoee, na ile faili inabaki na rangi zake zote ndani. Hizo rangi ndio akiba yako.

Sasa kitenge. Nyekundu na kijani kwa macho zinapigana, lakini ukipima tu mwanga wa kila moja zinaweza kuwa sawasawa, na picha isiyo na rangi haijui kitu kingine ila mwanga. Dawa yake ni filta ya rangi. Kanuni ni rahisi kukumbuka, filta inang'arisha rangi yake na kufifisha ile ya upande wa pili. Wazee wa filamu walikuwa wanafunga kioo chekundu ama cha kijani mbele ya lenzi, wewe unaifanya kwa simu: ile programu ya kuhariri picha, Snapseed, ina sehemu ya nyeusi na nyeupe, na ndani yake kuna filta nyekundu, ya chungwa, ya manjano, ya kijani na ya samawati. Ukiweka nyekundu, kitenge kinang'aa na maua yanakuwa meusi. Ukiweka kijani, maua yanatokea na kitenge kinazama.

Lakini usikimbilie kitenge ukamsahau mama. Ngozi zote za binadamu, iwe nyeupe iwe nyeusi, rangi yake iko kwa chungwa na nyekundu. Kwa hivo ukiweka filta nyekundu umemng'arisha na mama pia, ngozi inakuwa laini, midomo inafifia, na ule uzito unapungua. Filta ya kijani inashusha ngozi, inatoa kila mstari, kila kovu, kila tundu la ngozi. Filamu za zamani kabisa hazikuwa zinaona nyekundu, ndio maana kwa zile picha nyuso za wazee zinaonekana nzito na zilizopasuka kama udongo wa kiangazi. Kwa mwanamume mzee ama mvuvi napenda kijani. Kwa mamako ningeanza na ya chungwa halafu nishushe mwanga wa picha yote kidogo.

Ukienda kumpiga tena, kabla hujatoa kamera finya macho mpaka usione vizuri. Rangi zinakufa na kinachobaki ni mafungu ya mwanga na giza. Kama kitenge na uso vimekuwa fungu moja, muombe abadilishe nguo. Kwa picha ya aina hii mimi huomba nguo nyeusi isiyo na maua, shingo iwe wazi.

SWALI: Mjomba wangu ni mvuvi wa omena kule Usenge. Naweza kumpiga picha usiku kwa mwanga wa karabai peke yake? Inatosha?

JIBU: Inatosha na inabaki. Karabai ni mwanga mdogo, mkali, wenye vivuli vya kukata, na usiku ule wa omena hauna mwezi kwa hivo nyuma yake ni nyeusi bila wewe kufanya chochote. Ila isiwe chini kwa sakafu ya mashua, mwanga ukitoka chini vivuli vinapanda juu na mtu mzuri anageuka wa kutisha. Ishikwe na mtu juu kidogo ya kichwa chake, kando, hatua moja. Karabai yenyewe ikae nje ya fremu. Na mpige ufuoni wakijiandaa, mashua ikiwa imepumzika mchangani, sababu ukiwa majini kwa shata ya 1/60 kila wimbi linakuharibia picha. Kama siku hizi wanatumia taa za sola, mambo ni yale yale, ni nyeupe zaidi tu.

SWALI: Picha kwa simu yangu ni nzuri sana, nyeusi inavutia, lakini nikiipeleka kuchapwa hapa Kakamega inarudi giza tupu, upande mmoja wa uso hauko. Ni mashine yao? Baba Mapacha.

JIBU: Baba Mapacha, mashine usiilaumu bado. Skrini ya simu inatoa mwanga wake yenyewe na karatasi inasubiri mwanga wa chumba, haiwezi kufanana nayo. Kabla ya kupeleka, shusha mwanga wa skrini yako mpaka nusu ama chini ya hapo, kaa mahali pa kawaida ndani ya nyumba, uangalie tena. Utashangaa vile kivuli kimekula vitu. Sasa inua zile sehemu za giza kidogo kidogo mpaka uanze kuona ukingo wa sikio na mstari wa taya, hapo wacha. Ile nyuma nyeusi usiiguse.

Halafu usichape kubwa mara moja. Omba wakuchapie vipande vitatu vidogo kwa karatasi moja, kimoja vile kilivyo, kimoja umekiongezea mwanga kidogo, na kingine zaidi. Vipeleke nyumbani uviegemeze pale ukutani picha itakaa, uviangalie mchana na usiku taa ikiwashwa. Chagua hapo, sio kwa kaunta ya mwenye duka. Uwaulize pia karatasi isiyong'aa, ile ya kung'aa inarudisha dirisha lote kwa sehemu nyeusi na utajiona wewe badala ya uso wa mtu. Na usiitundike mkabala na mlango unaoingiza jua la asubuhi, hio nyeusi itaanza kuchujuka.